Hollywood Chini ya Mlima Meru
Msomaji wa Miono au Bagamoyo aliyezoea kudhani kwamba sinema za Kimarekani hutengenezwa zote California, na afahamu kwamba Howard Hawks, mwongozaji mashuhuri wa Hollywood, aliwaleta waigizaji wake, John Wayne akiwatangulia, hadi Arusha na viunga vya Mlima Meru, wakapiga sinema ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, na jina lake, alhamdulillahi, wakaliacha katika lugha yetu.

Humo mwigizaji mwenyewe huonekana amekaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, ameshika mti mrefu wenye kitanzi, gari likirukaruka mbugani ubavuni mwa kifaru, na kamera ikifuata mbio zile zile. Na kwa kuwa kifaru hasomi hadithi wala hapokei amri, kisa kilisukwa kwa kufuata yaliyojiri porini, jambo ambalo, kwa rai yangu, ndilo lililoipa sinema ladha, maana mapenzi yaliyochanganywa humo ni hafifu. Mpiga picha, Russell Harlan, aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Naye Hardy Krüger, mwigizaji wa Kijerumani aliyecheza humo, akaihusudu Momella, chini ya Mlima Meru, hata akanunua shamba huko huko.