Je, Wajua? Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu

Anayesomea shahada ya sayansi ya wadudu hashindi akikusanya vipepeo tu. Humchunguza mbung'o, aenezaye ugonjwa wa malale, mpaka ajue kinachomvuta: rangi ya buluu na harufu ya mkojo wa ng'ombe. Ndiyo maana mtego wake hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi, na kando yake huwekwa chupa ya mkojo uliovunda. Mbung'o akifuata harufu, amekwisha!

Mwaka 1970, Mkenya Thomas Odhiambo alianzisha jijini Nairobi kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE. Makao yake huitwa Duduville, na tangu 1983 kituo hicho kimelea wanafunzi wa uzamivu kutoka nchi nyingi za Afrika.

Kijana upendaye biolojia, usiiruke kozi ya sayansi ya wadudu unapojaza fomu za chuo.