Ingekuwaje Bila Hicho?

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu vinapokea tasnifu nyingi zenye kichwa cha mtindo mmoja: mchango wa mikopo midogo katika kuinua biashara za wanawake, mfano ukiwa wilaya fulani. Mtafiti anachapa dodoso, anakwenda sokoni na kwenye vikao vya VICOBA, anawauliza wakopaji kama mkopo umewasaidia. Wengi wanatia tiki penye "nakubali sana". Majedwali yanachorwa, asilimia zinakokotolewa, na sura ya tano inatamka kwamba mikopo imeinua maisha ya wanawake wa wilaya ile.

Nimesimamia kazi za namna hiyo, na vijana wanaoziandika wana bidii ya kweli. Hata hivyo, swali lililoandikwa kwenye jalada linabaki bila jibu. Chukua mama anayeuza mitumba. Kabla ya mkopo alikuwa na mtaji wa laki tatu, sasa ana laki saba. Je, ni mkopo uliomkuza? Huenda mtaa wake umepata barabara ya lami na wateja wameongezeka. Huenda ni mchapakazi ambaye angefika hapo hata kwa fedha zake mwenyewe, na ni uchapakazi huohuo uliompa ujasiri wa kukopa. Tena wapo walioshindwa marejesho, wakauza kabati na cherehani, wakaacha kuhudhuria vikao. Hao dodoso halikuwakuta, kwa sababu mtafiti aliwahoji waliokuwepo.

Tunachotaka kujua ni hali ya mama huyu ingekuwaje kama asingekopa, na jambo hilo halionekani kwa macho, kwa kuwa hawezi kukopa na kutokukopa kwa wakati mmoja. Kinachowezekana ni kutafuta watu wanaofanana naye kwa kila hali isipokuwa hilo moja la mkopo, kisha kuwatazama wote kwa muda. Watafiti huwaita watu hao kundi linganishi. Mradi wa utafiti uwe wa kompyuta, wa biashara au wa tiba, mimi huanza kuusoma hapo: umelinganisha na nani? Nikikosa jibu, tarakimu zote zinazofuata huzisoma kwa mashaka.

Swali la mikopo midogo limewahi kujibiwa kwa njia hii katika jiji la Hyderabad, India. Kampuni ya mikopo iitwayo Spandana ilikuwa inataka kufungua matawi katika mitaa ya watu wa kipato cha chini. Watafiti, wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo wa chuo cha MIT cha Marekani, waliorodhesha mitaa 104, ikapigwa kura, na mitaa 52 ndiyo iliyofunguliwa matawi kwanza. Kura haimjui mchapakazi wala mvivu, haijui barabara inapita wapi. Ndiyo maana mitaa iliyobaki ilikuwa kundi linganishi la haki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 pamoja na ya tafiti nyingine tano, za Bosnia, Ethiopia, Mexico, Mongolia na Morocco. Huko Hyderabad, waliokuwa na biashara tayari waliziongezea mtaji. Lakini matumizi ya kaya kwa wastani hayakupanda, na nafasi ya wanawake katika maamuzi ya nyumbani haikubadilika. Mkopo mdogo, kwa ujumla, uliwapa watu nafasi zaidi ya kupanga mambo yao bila kuwatoa kwenye umaskini. Hitimisho hilo liko mbali sana na "nakubali sana".

Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, uko karibu nasi zaidi, nao unagusa biashara na afya kwa pamoja: bei ya chandarua.

Katika miaka ya mwanzo ya karne hii kulikuwa na mabishano makali kuhusu vyandarua vyenye dawa. Viuzwe kwa bei nafuu, au vigawiwe bure? Waliotaka viuzwe walikuwa na hoja ambayo kila mmoja wetu ameisikia, kwamba cha bure hakithaminiwi. Aliyelipa atakitundika, aliyepewa atakitupa stoo au atakifanya wavu wa kuvulia samaki. Tena walikuwa na ushahidi mkononi. Huko Kilombero na Ulanga, mradi wa KINET ulioendeshwa kutoka Ifakara ulikuwa umeuza vyandarua kupitia maduka na mawakala wa vijijini tangu miaka ya 1990, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba uwezekano wa watoto wadogo kuishi uliongezeka kwa asilimia 27 palipotumika chandarua chenye dawa. Chandarua kilichouzwa kiliokoa maisha, hilo halikuwa na ubishi. Ila ushahidi huo haukusema lolote kuhusu mama aliyepita mbele ya duka bila kununua.

Wachumi wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, walilipeleka suala hilo magharibi mwa Kenya mwaka 2007. Walichukua kliniki 20 za wajawazito. Kwa kura, kliniki 16 zilipatiwa vyandarua, na bei nayo ikapangwa kwa kura: kwingine bure, kwingine kwa viwango mbalimbali hadi shilingi 40 za Kenya. Nne zilizobaki zilikuwa za kulinganishia. Hiyo bei ya juu kabisa ilikuwa bado pungufu ya shilingi 50 ambazo wajawazito walikuwa wakitozwa kliniki wakati huo.

Hapo watafiti wengi wangeishia. Wao waliongeza hatua moja ndogo. Siku maalumu, mjamzito aliyekwisha kukubali kununua kwa bei iliyotangazwa aliambiwa achague bahasha. Ndani yake kulikuwa na punguzo ambalo hakulitarajia, na wengine walikuta hawadaiwi kitu. Fikiria maana yake. Sasa kuna wanawake wawili, wote walikuwa tayari kulipa, lakini mmoja amelipa kweli na mwingine amepewa bure. Kama kulipa ndiko kunakomfanya mtu athamini, yule aliyelipa atakitundika zaidi. Kama hakuna tofauti, basi hoja ya "cha bure hakithaminiwi" imepimwa peke yake, mbali na suala la nani alikuwa na hamu ya chandarua tangu mwanzo. Wiki kadhaa baadaye wadadisi walikwenda majumbani bila kutegemea maneno ya mwenye nyumba. Waliangalia kama chandarua kimetundikwa juu ya kitanda.

Aliyepewa bure alikitundika sawasawa na aliyelipa. Na bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40, waliochukua chandarua walipungua kwa watu 60 katika kila wajawazito 100. Hata ile hoja kwamba bei inawachuja wahitaji haikusimama: walipopima wekundu wa damu, wanawake walionunua hawakuwa wagonjwa kuliko wajawazito wengine wa kawaida wa kliniki. Bei iliwachuja watu kwa fedha, si kwa hatari ya malaria.

Mwaka huohuo wa 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo kwamba vyandarua vigawiwe bure au kwa ruzuku kubwa sana. Tanzania, ambayo tangu mwaka 2004 ilikuwa ikiwapa wajawazito hati punguzo ya kununulia chandarua dukani, ilianza mwaka 2009 kuwagawia bure watoto wa chini ya miaka mitano, kisha ikapanua kampeni hadi kaya zote. Sidai kwamba utafiti mmoja ndio uliogeuza sera za nchi. Sera hugeuzwa na mengi. Lakini ubishi ulikuwa wa pande mbili zenye nia njema, kila upande una methali yake, na bahasha zile ziliumaliza kwa namna ambayo mkutano wa wadau usingeweza.

Msomaji atauliza, na ni haki yake, kama ni halali kumnyima mjamzito chandarua kwa ajili ya utafiti. Kamati za maadili huuliza hivyohivyo, na hazitoi kibali mpaka zijibiwe. Jibu linategemea hali ilivyo kabla ya utafiti. Kama kliniki zilizobaki zinaendelea kupata huduma ileile zilizokuwa nayo, na kama wataalamu wenyewe hawakubaliani njia ipi ni bora, kura haimwondolei mtu haki yake. Kama dawa inajulikana kuponya, kumpa mgonjwa kidonge kisicho na dawa ili kulinganisha ni kosa, na utafiti wa aina hiyo lazima ulinganishe dawa mpya na ile iliyopo.

Yapo mambo ambayo hayapigiwi kura. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, hakuna mtafiti ambaye angeiambia kampuni ya simu imzuie fulani asitume fedha. Tavneet Suri wa MIT na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walitumia mawakala kama mlango. Mawakala waliongezeka haraka, lakini si kila mahali kwa kasi moja, kwa hiyo kaya zilizosogelewa na mawakala wengi mapema zililinganishwa na zile ambazo hazikusogelewa. Katika kazi yao ya mwaka 2014 walionyesha kwamba kaya zilipopata pigo, kama ugonjwa au kupoteza kazi, zisizotumia M-Pesa zilipunguza matumizi kwa asilimia 7, na zilizotumia hazikutikisika, kwa kuwa ndugu na marafiki waliweza kutuma chochote. Mwaka 2016 wakakadiria kwamba kaya 194,000, yaani asilimia 2 ya kaya za Kenya, zilitoka kwenye umaskini uliokithiri kwa sababu ya huduma hiyo. Ulinganisho huu ni dhaifu kidogo kuliko wa kura, maana wakala naye huchagua mahali penye wateja, na ndiyo maana walifanya kazi kubwa kuonyesha kwamba kaya hizo zilifanana mwanzoni.

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye nauli tu mfukoni hawezi kufungua matawi katika mitaa 52. Lakini SACCOS nyingi zina orodha ya wanachama walioomba mkopo na bado wanasubiri zamu. Hao wana nia ileile, wametimiza masharti yaleyale, wanaishi mtaa uleule. Kuwahoji pamoja na waliokwisha kupata, na kuwasaka pia walioacha kikundi, kunahitaji wiki chache za ziada na kunaipa tasnifu uti wa mgongo. Wasimamizi tungepaswa kulidai hili tangu siku ya pendekezo la utafiti.

Ulinganisho una mtego mwingine, nao unaonekana vizuri Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, linafundisha panya buku chuoni hapo kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, aliyefanya kazi Cambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. Tangu mwaka 2007 wengine wamekuwa wakinusa makohozi yanayoletwa kutoka kliniki ili kugundua kifua kikuu. Sampuli huuliwa vimelea kwa joto, hupangwa safu moja chini ya sakafu ya kizimba, kila moja chini ya tundu lake. Panya anapita tundu kwa tundu. Akihisi harufu ya ugonjwa, anatuliza pua hapo kwa sekunde kadhaa, au anakwaruza. Sampuli 100 anazimaliza kwa takriban dakika 20, kazi ambayo ingemchukua mtaalamu wa hadubini siku kadhaa.

Mtego ni huu. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Berlin kulikuwa na farasi aitwaye Hans aliyejibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst aligundua kwamba Hans alikosea kila ilipotokea kwamba muulizaji mwenyewe hajui jibu. Farasi alikuwa anasoma uso na mwili wa binadamu. Panya naye angeweza kumsoma anayemhudumia, kwa hiyo kinachotakiwa ni mhudumu asiyejua sampuli ipi ni ya mgonjwa. Kati ya sampuli hizo huchanganywa chache ambazo ugonjwa wake umekwisha kuthibitishwa, na panya hupata ndizi iliyopondwa kwa hizo tu. Akisimama kwenye sampuli ambayo kliniki ilisema haina kitu, hapewi zawadi, kwa kuwa ukweli wake haujajulikana. Sampuli hiyo inarudishwa maabara, inapimwa tena kwa njia nyeti zaidi, na ni jibu la maabara linalompeleka mgonjwa kwenye dawa.

Kwa utaratibu huo, panya wameongeza wagonjwa wanaogunduliwa katika kliniki walizoshirikiana nazo kwa takriban asilimia 40. Ni nyongeza kubwa, na nyuma yake kuna watu waliokuwa wameambiwa hawana kitu, wakarudi nyumbani wakikohoa kati ya watoto wao. Lakini msomaji aliyefika hapa atauliza: nyongeza juu ya nini? Ni juu ya hadubini ya kawaida, ambayo huwakosa wagonjwa wengi wenye vimelea vichache. Tangu Shirika la Afya Duniani liidhinishe kipimo cha GeneXpert mwaka 2010, mashine hizo zimekuwa zikienea hospitalini. Kliniki yenye GeneXpert huwakosa wagonjwa wachache zaidi, kwa hiyo panya atakuwa na wachache zaidi wa kuwaokota, na gharama ya kusafirisha sampuli haitapungua. Kliniki ya kijijini ambayo bado inategemea hadubini iko katika hesabu nyingine kabisa. Asilimia 40 ya kliniki moja haihamishiki kwenda nyingine bila kupimwa upya, kwa kundi linganishi la mahali pale.