TUJIFUNZE KIHOLANZI KIDOGO CHA SAFARI



Wapo watakaouliza: Kiholanzi cha nini huku kwetu Rufiji na Kibiti? Tunacho Kindengereko, tunacho Kirufiji, tunacho Kiswahili. Kiingereza chenyewe kinatutoa jasho. Swali hilo ni zuri. Basi tulijibu kwanza, halafu tuingie darasani.

Sababu ya kwanza ni wageni. Watalii wengi wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kwa gari hupita Kibiti, wakashika njia ya Mloka. Wengine hushuka Nyamisati, wakapanda boti kwenda Mafia. Miongoni mwao wapo Waholanzi. Anayewapikia, anayewaendesha mtoni na anayewauzia embe, wote wanazungumza nao.

Sababu ya pili ni safari za watu wetu. Vijana wa pwani wamekuwa mabaharia tangu zamani, na bandari ya Rotterdam, iliyoko Uholanzi, ndiyo kubwa kuliko zote za Ulaya. Wapo pia Watanzania waliooa au kuolewa huko.

Sababu ya tatu ni sheria. Hiyo tutaieleza mbele, maana ina uzito kuliko hizo mbili.

Uholanzi siyo Udachi

Wazee wetu waliwaita Wajerumani Wadachi. Ndio waliotawala hapa mpaka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Meli yao ya vita, Königsberg, ilijificha katika delta yetu mwaka 1914, ikaangamia humo tarehe 11 Julai 1915. Neno Mdachi linatokana na jina ambalo Wajerumani huiita lugha yao, yaani Deutsch. Waingereza nao wana neno linalofanana na hilo, lakini wao huwaita hivyo Waholanzi. Ndiyo maana watu wengine huchanganya. Tukumbuke: Mdachi ni Mjerumani, Mholanzi ni mtu wa Uholanzi. Ni nchi mbili zinazopakana, na lugha zao ni ndugu, lakini si lugha moja.

Neno moja la Kiholanzi tumelisema miaka mingi bila kujua. Ni neno "Kaburu". Kwa Kiholanzi, boer (tamka: bur) maana yake ni mkulima. Waholanzi walianza kukaa Afrika Kusini mwaka 1652. Wajukuu zao wakaitwa Boer, na sisi tukawaita Makaburu. Basi mkulima wa korosho wa Bungu akienda Uholanzi, naye ni boer. Asikasirike!

Watu wa delta kama sisi

Waholanzi huiita nchi yao Nederland, yaani nchi ya chini. Jina hilo ni la kweli. Karibu robo ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari. Mito mikubwa mitatu, Rijn, Maas na Schelde, inamwaga maji baharini hapo, kama Rufiji inavyogawanyika ikapita kwenye mikoko hadi Bahari ya Hindi. Wao pia husema delta, kama sisi.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, bahari ilivunja matuta yao. Watu 1,836 walikufa nchini humo. Baada ya msiba huo wakajenga matuta na milango mikubwa ya kuzuia bahari. Sisi tuliopatwa na mafuriko ya mwaka 2024 hatuhitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili. Tuta huitwa dijk (deik). Maji huitwa water (vaater). Ukimwambia Mholanzi maneno hayo mawili pamoja na delta, tayari mna la kuzungumza.

Tena, Waholanzi si wageni kabisa katika wilaya hii. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2003, serikali yao ilitoa fedha za mradi wa kutunza mazingira ya Rufiji, uliokuwa na ofisi Utete. Mradi huo ulifanya kazi na vijiji kama Mtanza-Msona na Jaja. Na kule Shinyanga, katika miaka ya 1970, wataalamu wao walishirikiana na wanavijiji kuchimba visima vifupi.

Namna ya kutamka

Anayejua kusoma Kiswahili ameshapata nusu ya kazi. Herufi ni zile zile. Lakini baadhi zina sauti nyingine. Soma polepole, tena kwa sauti.

Herufi g hutamkwa kh, kama wazee wanavyosema "kheri". Aliyepita chuoni akasoma khaa hatapata taabu.

Herufi j hutamkwa y. Kwa hiyo ja (yaa) ni ndiyo.

Herufi oe pamoja ni sauti ya u, kama katika "kuku". Kitabu ni boek (buk).

Herufi ie pamoja ni sauti ya i. Herufi ij pamoja ni ei.

Herufi w hukaribia v yetu. Herufi v nayo hukaribia f.

Herufi u peke yake ina ugumu. Kunja midomo kama unapuliza moto wa kuni, halafu sema "i". Hapa tutaiandika yu, lakini kumbuka ile midomo.

Maneno ya kusalimiana

Goedemorgen (khude-morkhe): habari za asubuhi
Goedemiddag (khude-midakh): habari za mchana
Goedenavond (khude-naafont): habari za jioni
Welkom (velkom): karibu
Hoe gaat het? (hu khaat et): hujambo, habari gani?
Goed, dank u (khud, dank yu): nzuri, asante
Alstublieft (alst-yu-blift): tafadhali. Hutumika pia unapompa mtu kitu, kama tunavyosema "haya, chukua".
Ja (yaa): ndiyo
Nee (nee): hapana
Ik heet ... (ik heet): naitwa ...
Ik kom uit Tanzania (ik kom aut Tanzania): natoka Tanzania
Ik begrijp het niet (ik bekhreip et nit): sielewi
Langzaam, alstublieft (lang'zaam): polepole, tafadhali. Sema ng' kama ya ng'ombe.
Dag (dakh): kwa heri

Kuna jambo la adabu hapa. Kwetu kijana hamwambii mzee "mambo vipi". Humwamkia shikamoo. Waholanzi hawana shikamoo, ila wanayo maneno mawili ya kusema "wewe". Mzee, au mtu usiyemjua, huambiwa u. Rafiki, mtoto au mwenzako huambiwa jij (yei). Ukiwa huna hakika, tumia u. Heshima haimchukizi mtu.

Hesabu na fedha

Een (een) 1, twee (tvee) 2, drie (dri) 3, vier (fir) 4, vijf (feif) 5, zes (zes) 6, zeven (zeeve) 7, acht (akht) 8, negen (neekhe) 9, tien (tin) 10.

Mgeni akiuliza bei husema: Hoeveel kost het? (hu-feel kost et), yaani ni kiasi gani?

Sasa hapa tuwe macho. Sisi tunasema arobaini na tano. Wao hutanguliza ile tano: vijfenveertig (feif-en-feertikh), yaani tano na arobaini. Ukisikia tano kwanza, ukaandika 5 kisha 4, umepata 54. Mmoja atasema ameibiwa, na kumbe hakuna mwizi. Dawa yake ni kalamu. Andika bei kwenye karatasi, mwonyeshe mgeni, naye aitikie ja. Ndipo mpeane fedha. Fedha yao wenyewe ni euro. Noti na sarafu zake zilianza kutumika mwaka 2002, na gulden yao ya zamani ikaondolewa.

Mtoni na baharini

Nahodha na vijana wa boti washike maneno haya kwa moyo, maana mto hauna mchezo.

Boot (boot, vuta o): boti
Rivier (rivir): mto
Nijlpaard (neil-paart): kiboko. Maana yake hasa ni farasi wa Nile.
Krokodil (krokodil): mamba
Olifant (olifant): tembo
Vis (fis): samaki
Garnaal (kharnaal): kamba
Pas op! (pas op): angalia, hatari!
Blijf zitten! (bleif zite): endelea kukaa!
Niet opstaan! (nit opstaan): usisimame!

Mgeni akimwona kiboko karibu, mara nyingi hunyanyuka apige picha. Boti ndogo huyumba. Kiboko naye akikasirika huweza kuipindua. Ukipiga kelele kwa Kiswahili, mgeni atakuangalia tu. Ukisema "Niet opstaan! Blijf zitten!" atakaa. Maneno manne hayo yanaweza kuokoa watu wote waliomo.

Mazungumzo ya mfano

Someni wawili wawili. Mmoja awe mwenyeji, mwingine awe mgeni.

Mwenyeji: Goedemorgen, mevrouw. Welkom. (Habari za asubuhi, mama. Karibu.)
Mgeni: Goedemorgen. Hoe gaat het? (Habari za asubuhi. Hujambo?)
Mwenyeji: Goed, dank u. (Sijambo, asante.)
Mgeni: Hoeveel kost de boot? (Boti ni kiasi gani?)
Mwenyeji: (anaandika bei) Alstublieft. (Hii hapa.)
Mgeni: Ja, goed. (Ndiyo, sawa.)
Mwenyeji: Pas op, mevrouw. (Angalia, mama.)

Mevrouw (mefrau) ni mama, na meneer (meneer) ni bwana.

Kwa anayesafiri kwenda huko

Uwanja wao mkubwa wa ndege ni Schiphol, karibu na Amsterdam. Humo, njiani na katika steshoni utaona maandishi. Hapo ndipo kisomo kinapolipa.

Ingang (in-khang'): mlango wa kuingilia
Uitgang (aut-khang'): mlango wa kutokea
Dames (daames): wanawake
Heren (heere): wanaume
Gesloten (khe-sloote): pamefungwa
Verboden (fer-boode): imekatazwa
Gevaar (khe-faar): hatari
Trein (trein): treni
Politie (politsi): polisi
Dokter (dokter): daktari

Angalia hayo matatu ya mwisho. Yanafanana na maneno yetu. Vivyo hivyo koffie ni kahawa, suiker ni sukari, paspoort ni pasipoti, na school ni shule. Anza na yale yanayofanana. Hayo hayasahauliki.

Sheria ya mtihani

Sasa tufike kwenye ile sababu ya tatu. Sikilizeni vizuri.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa delta ana mume anayefanya kazi na kuishi Rotterdam kwa kibali cha kudumu. Mama anataka kumfuata, wakae pamoja. Tangu mwaka 2006, Uholanzi ina sheria inayomtaka mtu mzima kama huyo kufanya mtihani wa Kiholanzi kabla hajaondoka kwao. Mtihani huo hufanywa katika ubalozi wao. Una sehemu tatu. Ya kwanza ni kuzungumza. Ya pili ni kusoma, nayo iliongezwa mwaka 2011. Ya tatu ni kuyajua maisha ya Uholanzi: historia, kazi, shule, afya na sheria za huko. Kiholanzi kinachotakiwa ni cha ngazi ya chini kabisa, yaani salamu, maswali mafupi na sentensi nyepesi. Lakini asiyefaulu hapati kibali cha kukaa, labda awe katika kundi lililosamehewa na sheria.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba mtu asiyejua kusoma kabisa ana kazi mbili. Kwanza ajifunze kusoma, ndipo ajifunze Kiholanzi. Anaweza kukaa miaka mbali na mume au mke wake kwa sababu hiyo. Wewe unayesoma gazeti hili umeshavuka mto wa kwanza. Herufi unazo. Umebakiza wa pili.

Anayekwenda kutembea tu, kwa muda usiozidi siku 90, hafanyi mtihani huo. Lakini lazima awe na viza. Na mtu akikujia kijijini akasema, "Nipe fedha, mimi nitakupeleka Uholanzi ukaishi, mtihani hauna haja," usimpe. Nenda kwanza ubalozi wa Uholanzi, Dar es Salaam, ukaulize mwenyewe, maana sheria nazo hubadilika.

Namna ya kujifunza

Usijaribu kumeza yote kwa siku moja. Chukua maneno matano kila siku. Yaandike katika daftari, upande mmoja Kiholanzi, upande wa pili Kiswahili. Funika upande mmoja kwa mkono, jiulize mwenyewe. Jioni muulizane na mwenzako. Baada ya wiki mbili utakuwa na maneno sabini. Ukimpata Mholanzi, mwombe asikilize matamshi yako akusahihishe. Waholanzi wengi wanajua Kiingereza, na wengine hujifunza Kiswahili chetu kabla ya kuja. Naye mfundishe. Mkipeana maneno, kila mmoja amepata.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Mdachi ni nani, na Mholanzi ni nani?
2. Kwa nini ni vizuri kuandika bei badala ya kuitamka tu?
3. Mgeni anataka kusimama ndani ya boti. Utamwambia nini kwa Kiholanzi?
4. Nani hutakiwa kufanya mtihani wa Kiholanzi kabla ya kusafiri? Mtihani una sehemu ngapi?
5. Uholanzi na Rufiji zinafanana kwa jambo gani?

Kazi ya nyumbani: andika katika daftari lako jina lako na unakotoka kwa Kiholanzi. Anza hivi: Ik heet ...

Dag, ndugu msomaji. Tot ziens (tot zins), yaani tutaonana.