Maski ni ya mwisho: mafunzo ya usalama kazini tuyaombe namna gani

Kila mara koperative inapotuomba mafunzo ya usalama kazini, ukurasa wa mwisho wa barua unakuwa na liste: maski hamsini, glavu hamsini, buti za mpira hamsini. Hatukatai. Vifaa viko na kazi yake, na mtu anayepiga dawa kwenye nyanya miguu wazi anahitaji buti leo, si kesho. Lakini liste ile inaonyesha namna tunavyofikiri, kwamba usalama ni kitu cha kuvaa. Hapa Goma na katika mashamba ya pembeni yake kuko hatari mbili ambazo maski ya kitambaa au ya karatasi haizizuii. Moja inatoka katika udongo wetu. Ya pili tunainunua sokoni kwa franga zetu wenyewe.

Tuanze na ile ya udongo: mazuku.

Wanaolima magharibi ya mji, pembeni ya ziwa, upande wa Keshero, Mugunga na kuendelea mpaka Sake, hawahitaji kuelezwa neno hili. Wazee walisema ni upepo mbaya, na wachunguzi wa volkano wa dunia nzima wamelichukua jina letu, wanaliandika hivyo hivyo katika vitabu vyao. Upepo huo ni gesi kaboniki, ile ile inayofanya bia na Fanta zitoe mapovu. Inatoka chini, katika eneo la moto wa Nyiragongo na Nyamulagira, inapanda polepole kupitia nyufa za mawe ya volkano. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inatembea kama maji: inateremka na kujikusanya katika bonde, katika shimo, nyuma ya ukuta wa mawe. Hewa ya kawaida tunayovuta iko na gesi hiyo kidogo sana, haifiki hata sehemu moja kwa mia. Ikifika sehemu kumi kwa mia, mtu anaweza kupoteza fahamu kwa dakika chache. Ikifika thelathini, pumzi chache tu zinatosha kumwangusha. Na katika mashimo mengine ya huku kwetu wachunguzi wamepima wakakuta gesi imepita nusu ya hewa yote iliyomo.

Sasa, mfikirie maski ya kitambaa mbele ya kitu cha namna hiyo. Maski inazuia vumbi. Gesi inapita kana kwamba hakuna kitu. Hata ile maski ya bei kali, yenye kopo la chujio kwa ajili ya sumu, inasafisha hewa lakini haitengenezi hewa mpya. Wazimamoto wanaoingia mahali pa namna hiyo wanabeba chupa ya hewa mgongoni, na hatujui koperative ya maharagi yenye kifaa hicho. Kwa hiyo kinachomlinda mkulima hakiko usoni pake. Kiko katika mambo matatu: mahali, saa, na sheria moja ngumu.

Mahali kwanza. Koperative inaweza kufanya ramani yake kwa siku moja, bila mtalaamu yeyote, kama itawakalisha chini wamama wazee na wachungaji. Wao ndio wanajua mbuzi zilikufia wapi, kuku zilipotelea wapi, shimo gani linakutwa asubuhi na ndege, mijusi au wadudu waliokufa. Mashimo hayo yatiwe alama ya mawe yaliyopakwa rangi, si kijiti ambacho mtoto atakichukua kuni. Kisha ramani hiyo ipelekwe kwa Observatoire Volcanologique de Goma, OVG tuliyoizoea, kwa sababu mazuku ndiyo moja ya kazi zao.

Saa ndiyo inadanganya watu wengi. Mchana jua linapasha udongo, upepo wa ziwa unapita, gesi inatawanyika. Usiku na alfajiri hewa imetulia, gesi inajaa bondeni kama maji katika beseni, na kimo chake kinapanda. Shimo ulilolipalilia saa sita za mchana bila hata kichwa kuuma ndilo linaweza kukuua saa kumi na moja za asubuhi. Na kimo hicho kina maana kubwa kwa wamama. Mama amesimama analima, pua yake iko juu ya gesi, anajisikia vizuri kabisa. Mtoto aliyelazwa kwenye kitenge pembeni ya shamba iko ndani yake. Mtu anayeinama kung'oa magugu anaingia na kutoka. Ndiyo maana tunasema: katika mabonde yenye alama, mtu asishuke mbele ya jua kupanda vizuri, atoke mbele ya giza, na mtoto asilazwe chini, hata kwa dakika moja.

Halafu ile sheria ngumu. Mtu ameanguka bondeni. Ndugu yake anamuona, anakimbia kumuinua, anaanguka pembeni yake. Wa tatu anafuata. Hakuna ujinga hapo, ni upendo, na ndiyo sababu maneno ya mwalimu peke yake hayatoshi kuuzuia. Mafunzo mazuri yanafanyisha watu mazoezi: mmoja anajilaza mahali salama, wengine wanapiga kelele, wanaleta kamba na mti mrefu wenye ndoana, wanamvuta kutoka juu, na kila anayejaribu kushuka anarudishwa. Mara tatu, mara nne, mpaka miguu yenyewe ijue. Kama ni mbuzi iliyoanguka, inaachwa mpaka mchana. Tunajua bei ya mbuzi. Inaachwa.

Neno moja juu ya mshumaa, kwa sababu munatuuliza mara nyingi. Kuteremsha mshumaa au taa shimoni ni desturi ya zamani, na moto ukizimika jibu ni wazi: usishuke. Lakini moto ukiendelea kuwaka hausemi kwamba ni salama. Mshumaa unaweza kuwaka bado pale ambapo mtu ameanza kuumwa kichwa na kuhema. Jambo hili linawahusu pia wanaochimba vyoo na mashimo ya mbolea katika mitaa hiyo, sana sana asubuhi wanaporudia shimo waliloliacha jana.

Hatari ya pili ni dawa za shamba, na hapa kuko mtego ambao hatujauona katika kitabu chochote cha mafunzo. Vitabu vyote vinasema: piga dawa mapema asubuhi, upepo ukiwa umetulia, ili dawa isirushwe kwa jirani. Shauri zuri kwa nchi nyingi. Lakini hewa iliyotulia alfajiri, katika bonde la Mugunga, ndiyo hewa ya mazuku. Mwalimu akifika na karatasi zake kutoka mbali, akawafundisha hivyo bila kutembea katika mashamba yenu, amewapeleka kwenye shimo kwa saa mbaya kuliko zote. Katika mabonde hayo mungoje jua lipande, mupige wakati upepo ungali mdogo. Ukizidi, dawa ingoje kesho. Na mbele ya kumkubali mwalimu yeyote, mumuulize kama amekwisha kutembea huku.

Tukirudi kwa dawa yenyewe: watu wengi wanaogopa kuivuta kwa pua, ndiyo maana wanaomba maski. Mtu anayepiga kwa pompe ya mgongoni, sehemu kubwa ya dawa inamuingia kwa ngozi. Inaingia kwa mikono wakati wa kuchanganya, kwa sababu dawa ndani ya chupa ni kali mara nyingi kuliko ile iliyokwisha kutiwa maji. Inaingia kwa mgongo, pompe inapovuja na shati inaloa. Inaingia kwa mapaja na miguu, mtu anapopita katika majani aliyoyapiga muda ule ule. Kwa hiyo hata kwa vifaa vya kuvaa, glavu na buti zinatangulia, nguo ndefu inafuata, maski inakuja nyuma yao. Na nguo hizo zina mtu wa kuzifua. Zisichanganywe na nguo za watoto, na anayezifua avae glavu kama aliyepiga.

Lakini mbele ya kuvaa kuko maswali. Lazima tupige? Viazi na nyanya vikipandwa kwa kubanana, hewa haipiti, baridi inakaa kwenye majani, ugonjwa unakuja mbio, na mkulima anarudia mancozeb kila wiki. Nafasi kati ya mistari, mbegu safi, kubadilisha mazao, kuondoa majani yenye ugonjwa: kila moja inapunguza siku za kubeba pompe, na siku ambayo hukubeba pompe hakuna maski inayokupita kwa usalama. Kama lazima kupiga, tunanunua nini? Hapa koperative iko na nguvu ambayo mtu mmoja hana. Mkulima peke yake ananunua dawa iliyomiminwa katika kichupa cha maji ya kunywa, haina karatasi, haina jina. Koperative inaweza kununua katoni iliyofungwa, yenye maandishi na mstari wa rangi chini yake. Mwekundu ni sumu kali, usiingie katika depo yenu hata ukipewa bure. Wa njano nao unadhuru. Buluu ni nafuu, kijani nafuu zaidi, lakini hata kijani si maji. Maandishi ni Kifaransa, mara nyingine Kiingereza, herufi ndogo sana. Mtu mmoja ayasome mbele ya wote kwa Kiswahili siku dawa inapofika. Kisha wachaguliwe watu wawili au watatu wa kupiga, waliofundishwa, wasiwe watoto, wasiwe wamama wenye mimba au wanaonyonyesha. Chupa tupu zisuuzwe mara tatu, maji yale yarudi katika pompe, chupa itobolewe. Hakuna chupa ya dawa inayorudi nyumbani kubeba mafuta ya mawese.

Mtu akianza kutoka jasho jingi, mate, kutapika, macho yake yakawa na mboni ndogo kama kichwa cha sindano, misuli ikatetemeka, ni dawa imemuingia. Avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, anayemuosha ajilinde mikono, na apelekwe kituo cha afya pamoja na chupa au karatasi ya dawa, ili muganga ajue anapambana na nini. Tunasema wazi juu ya maziwa: hayatoi sumu. Yanapoteza saa. Wala asitapishwe kwa nguvu.

Mizigo tutaigusa kwa kifupi. Shirika la Kazi la Dunia lilishauri tangu 1967 kwamba mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Gunia zetu munazijua, ile inayopandishwa kwenye chukudu mpaka mti unalia. Mukanda wa kiuno hautamsaidia mubebaji wa gunia la kilo mia. Gunia la kilo 50 litamsaidia, na kufunga hivyo ni azimio la mkutano mmoja wa koperative.

Kuhusu sheria, wengi wanafikiri kanuni ya kazi ni ya maofisi na makampuni. Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 iko na sehemu nzima juu ya afya na usalama kazini, na koperative inayolipa watu kwa mushahara, wa depo au wa kiwanda cha kahawa, imekuwa bosi mbele ya sheria hiyo. Inapaswa pia kuwaandikisha CNSS, ambayo sheria ya mwaka 2016 imeipa kazi ya kushughulikia ajali na magonjwa ya kazini. Mwanachama anayelima shamba lake mwenyewe hana bosi, kwa hiyo hana wa kumdai. Tunaona hiyo ndiyo sababu kubwa ya koperative kufanya mafunzo haya kwa nguvu yake. Kwa mwalimu, INPP, iliyoanzishwa 1964 kwa ajili ya kufundisha watu wa kazi, na Inspeksyo ya Kazi ndiyo milango ya kwanza ya kubisha. Kwa dawa, mutafute agronomu wa eneo lenu.

Na mafunzo yafanyike shambani. Neno hili halitapendeza wote, tunajua. Sale ya mjini iko na viti, soda na franga ya usafiri, na orodha ya majina inajaa haraka. Lakini pompe inayovuja haionekani katika sale, na kamba ya kumvuta mtu haifundishwi ukiwa umekaa. Asubuhi mbili, kila moja saa tatu, karibu na bonde lenyewe na pompe yenyewe ikiwa na maji matupu, zinazidi siku tatu za karatasi. Wanaobeba pompe ndio waje, si rais wa koperative na karani wake.

Koperative inayotaka kuanza ituletee vitu vitatu: ramani ya mashimo, liste ya dawa zilizo katika depo kwa majina yake, na majina ya wanaopiga. Liste ya vifaa tutaiandika pamoja baada ya kuona hayo. Msimu A unapandwa Septemba, kwa hiyo tungependa kuwapokea mbele ya katikati ya Agosti, ili asubuhi zile mbili zipatikane pompe zingali hazijajazwa.