Keja ya Mlolongo iliyoifanya SGR ipite kando

Kama unafanya kazi Indaa, pengine umepita karibu na hii nyumba mara mia bila kujua. Toka Enterprise Road, ingia Mombasa Road, dandia mathree ya Mlolongo au Athi River. Utapita Imara Daima, utapita Cabanas, utapita Syokimau. Mkono wako wa kulia ni maghala, halafu maghala mengine, na nyuma ya hayo maghala ni Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Huko nyuma, ikitazamana na mbuga, imesimama nyumba ya rangi ya udongo yenye minara mifupi iliyochongoka. Ukiiona kwa mbali unaweza kuapa ni kichuguu kilichokosa breki kikaendelea tu kukua.

Inaitwa African Heritage House. Mwenyewe alikuwa Alan Donovan, Mmarekani aliyefika Kenya mwaka wa 1970. Kabla ya hapo alikuwa Nigeria, akifanya kazi ya misaada ya serikali ya Marekani wakati wa vita vya Biafra. Alichoka na ofisi, akaacha kazi, akanunua gari dogo la Volkswagen na kuanza kulizunguka bara. Mimi niliacha chuo nikaishia kubeba katoni Lunga Lunga Road. Yeye aliacha kazi akaishia Turkana, akinunua shanga, vigoda na vibuyu. Kila msee na njia yake.

Vitu hivyo vya Turkana ndivyo vilivyomkutanisha na Joseph Murumbi. Hilo jina usiliruke. Murumbi, mtoto wa baba Mgoa na mama Mmaasai, alikuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, baada ya Jaramogi. Alishika kiti mwaka wa 1966 na hakumaliza hata mwaka mmoja, akajiuzulu. Alichokipenda kuliko siasa ni kukusanya: vinyago, nguo, stempu, barua, vitabu. Ukiingia Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale karibu na sanamu ya Tom Mboya, vitu vingi unavyoviona chini ni vyake. Yeye, mkewe Sheila na Donovan walianzisha African Heritage mapema miaka ya 1970: duka, jumba la sanaa, maonyesho ya mavazi, hata bendi. Ayub Ogada, yule wa nyatiti, alipitia bendi hiyo. Na kwa watu wa Indaa, African Heritage haikuwa kitu cha mbali, kwa sababu ilikuwa na duka kubwa pale Libra House, Mombasa Road.

Sasa tuje kwa nyumba yenyewe, kwa sababu hapo ndipo kuna utamu.

Ilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Donovan hakutaka bangaloo ya Karen yenye vigae na bomba la moshi. Alitazama Afrika Magharibi, hasa Mali, kwenye majumba na misikiti ya udongo. Mfano unaojulikana zaidi ni Msikiti Mkuu wa Djenné, uliojengwa upya mwaka wa 1907. Ukiutazama kwenye picha utaona vigingi vya mbao vimetokeza ukutani kama miiba. Si mapambo tu. Kila mwaka mji mzima hutoka kuupaka msikiti udongo mpya kabla ya mvua, na mafundi hupanda kwa kukanyaga vigingi hivyohivyo. Yaani jukwaa la fundi limejengwa ndani ya ukuta tangu siku ya kwanza. Fundi yeyote wa Indaa aliyewahi kusubiri mbao za jukwaa kutoka wiki hadi wiki ataelewa hiyo akili.

Halafu kuna suala la joto. Ukuta mnene wa udongo hunywa joto mchana polepole, na usiku unalitoa polepole. Madirisha madogo hufungia jua nje. Linganisha na chumba cha mabati cha kumi kwa kumi pale Mukuru: saa saba mchana ni jiko, saa tisa usiku ni friji. Si kwamba mabati yaligunduliwa na mtu mwenye roho mbaya. Yanawekwa kwa sababu ni ya bei nafuu, yanainuka kwa siku moja, na mwenye ploti anajua yanaweza kung'olewa kwa siku moja.

Ndani ya nyumba ya Donovan kuna umeme na maji kama kwa mtu yeyote wa mjini, na kuna kazi za mikono kutoka pande nyingi za Afrika, kuanzia sakafuni hadi darini. Kuna vitambaa, vinyago, vyungu, viti, mapambo ya shingo. Wengine husema ni makavazi yanayojifanya nyumba. Mimi naona ni kinyume chake: mtu alikuwa akilala humo, akinywa chai humo, na hivyo vitu havikuwekwa nyuma ya kioo.

Na usidhani kuiga nyumba za udongo ni ushamba. Le Corbusier, yule bingwa wa zege nyeupe wa Ufaransa, alimaliza Villa Savoye mwaka wa 1931, nyumba ya mapumziko ya familia tajiri huko Poissy, nje ya Paris. Vitabu vya usanifu vimeifanya kama msahafu. Mwaka huohuo alisafiri hadi bonde la M'zab, Algeria, kuangalia miji ya Waafrika wa jangwani. Hiyo Villa Savoye nayo ilikaribia kufa. Wakati wa vita Wajerumani walikaa humo, baadaye Wamarekani, kisha mji wa Poissy ukataka kuibomoa ujenge shule. Kelele zilipigwa dunia nzima, na mwaka wa 1965 serikali ya Ufaransa ikaitangaza kuwa jengo la kihistoria.

Huku kwetu, Murumbi hakuwa na bahati hiyo. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga kwa makubaliano kwamba ingekuwa kituo cha masomo ya Afrika. Kituo hakikuja. Shamba liligawanywa, nyumba ikabomolewa. Alikufa mwaka wa 1990 akiwa ameyaona hayo kwa macho yake, na akazikwa City Park, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto. Donovan alijua hadithi hiyo vizuri kuliko mtu yeyote. Kwa hivyo SGR ilipokuja na ramani yake, na ikaonekana njia ya treni ingeila nyumba ya Mlolongo, hakuna aliyehitaji kumweleza ahadi za serikali zina uzito gani.

Alipiga kelele. Magazeti yakaandika, wapenda sanaa wakaandika. Mwaka wa 2016 nyumba ikatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa mnara wa kitaifa, chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006. Mwaka uliofuata treni ya Mombasa ilianza kubeba abiria, na nyumba bado ilikuwa imesimama. Yaani reli inaweza kupindishwa. Wahandisi wanajua kupinda.

Hilo ndilo linalonikaa kooni. Oktoba na Novemba 2021, matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara ya kuunganisha upande wa Indaa na Expressway. Makumi ya maelfu ya watu walilala nje, wengine wakajenga hema kwa nailoni juu ya kifusi chao wenyewe. Ni mwendo mfupi tu kutoka kwa Donovan, barabara ni hiyohiyo moja. Yeye alifariki Desemba mwaka huohuo, nyumba yake ikiwa salama.

Simlaumu kwa kuokoa nyumba yake. Ningefanya vivyo hivyo. Lakini yeye alikuwa na hatimiliki, alikuwa na jina, alikuwa na simu za waandishi. Mpangaji wa Mukuru ana risiti ya kodi, kama landilodi hata huandika. Na nyumba yenyewe, hata ikiwa imekulea miaka ishirini, kwa macho ya mpango wa jiji ni "muundo wa muda".

Mitaa ya mawe nayo inasubiri zamu. Pangani ya zamani ilishabomolewa kupisha maghorofa. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940 ikiwa na nyasi na njia za kutembea katikati ya nyumba, iko kwenye mazungumzo hayohayo ya kila mwaka.

Sheria ile ya 2006 haisemi kwamba jengo lazima liwe la tajiri. Inazungumzia thamani ya kihistoria na kitamaduni. Waziri hushauriana na Makavazi, tangazo linatoka, mwenye pingamizi anapewa muda wa kulileta. Ofisi za Makavazi ziko Museum Hill, na barua ya mwananchi wa kawaida inapokelewa pale mapokezi.

Ukitaka kuiona hiyo ya Mlolongo, weka miadi kwanza, usiende tu ukabishe mlango. Nenda jioni, jua likishuka upande wa Ngong.