Kanuni ni za Wote, Maneno Yana Mwenyewe

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuigawa kazi katika fani na maudhui. Katika makala haya nitaonyesha mgawanyo mwingine, ule wa sheria, ambao usipouelewa utakutoa jasho. Mfano wangu ni Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974. Wachezaji huketi mezani, mmoja akasimulia, wengine wakawa wahusika, na dadu ikaamua nani kashinda. Kwangu mimi hii ni fasihi simulizi yenye kitabu cha kanuni.

Sasa, wako wanaopenda hadithi ya mchezo fulani ila kanuni zake zinawachosha. Basi huihamishia hadithi kwenye kanuni za mchezo mwingine. Wakicheza nyumbani, hakuna wa kuwauliza. Wakitaka kuchapisha na kuuza, matatizo yanaanza.

Kwanza, kanuni si sawa na maneno yanayozieleza. Mwaka 1879, katika kesi ya Baker na Selden, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba hakimiliki ya kitabu cha uhasibu hailindi mfumo wenyewe wa kuweka hesabu, bali maelezo ya mwandishi. Vivyo hivyo, kurusha dadu na kujumlisha alama si mali ya mtu. Lakini aya, picha na wahusika vina mwenyewe. Kwa hiyo anayehamisha ana milango miwili ya kubisha hodi: kwa mwenye hadithi na kwa mwenye maandishi ya kanuni. Ruhusa ya mmoja haimfungi mwingine.

Pili, majina. Toleo la 1974 lilikuwa na "hobbit" wa J.R.R. Tolkien. Wenye haki walipolalamika, mwaka 1977 akageuka "halfling". Kimo kilekile, jina jipya!

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, ni leseni yenyewe. Mwaka 2000 kampuni ya Wizards of the Coast ilitoa leseni huria, OGL, na wengi wakajenga juu yake; Pathfinder ya kampuni ya Paizo ilitoka hivyo mwaka 2009. Januari 2023 ikavuja rasimu ya kuiondoa leseni hiyo na kudai mrabaha kwa mapato yanayozidi dola 750,000 kwa mwaka. Jamani, si ilisema ni ya kudumu? Ilisema. Ila haikusema popote kwamba haiwezi kubatilishwa. Wachezaji walikuja juu, na tarehe 27 Januari kampuni ikarudi nyuma, ikaziweka kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo inatamka wazi kuwa haibatilishwi.

Ndugu msomaji, riziki za watu zilitikisika kwa neno moja lililokosekana. Kazi ya kuona neno lisiloandikwa ndiyo tunayofundishwa sisi wahakiki. Basi, kabla hujahamisha hadithi ya mtu, isome leseni kama unavyosoma riwaya ya mtihani.