Chatu mchanga hasusi chakula, anasikia baridi

Na Mwandishi Wetu

SIKU ya ishirini na tatu, chatu yule mchanga alikuwa bado hajatia kitu kinywani. Mwenyewe, kijana wa miaka 14, alikuwa amepiga magoti sebuleni mbele ya sanduku la kioo, machozi yakimlengalenga. Mamake alisimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi, asithubutu kusogea hatua moja zaidi.

“Mwambie mpwa wako,” akaniambia, “ikifika Jumamosi kama huyo nyoka hajala, arudishwe alikotoka. Siwezi kutazama kiumbe kikifa kwa njaa ndani ya nyumba yangu.”

Hapo palikuwa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambako dada yangu ni muuguzi. Nilikuwa nimekwenda kumtembelea Januari iliyopita. Nje theluji ilifika magotini. Ndani palikuwa na ugomvi wa mama na mwana, na mimi mgeni nilitakiwa niwe hakimu.

Huenda msomaji akauliza, mtoto wa Mkenya na chatu ni wapi na wapi? Huko ughaibuni kufuga nyoka si ajabu. Mpwa wangu alidunduliza fedha alizolipwa na majirani kwa kuwaondolea theluji milangoni, akaenda kwenye maonyesho ya wanyama watambaao na kurejea na chatu aliyezidi kidogo tu urefu wa rula ya shule. Mama alipogundua, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Wazazi wengi wenye watoto ng’ambo huenda wakajikuta katika hali iyo hiyo, na ndiyo sababu ninayaeleza hapa tuliyojifunza.

MWAFRIKA MWENZETU

Kwanza tumfahamu nyoka mwenyewe. Jina lake la kisayansi ni Python regius. Waingereza humwita chatu wa kifalme. Wamarekani wamempa jina lenye maana ya chatu mpira, kwa kuwa akiogopa hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. Hana sumu, na hata akikomaa aghalabu hapiti mita moja na nusu. Jike humshinda dume kwa ukubwa.

Kwao ni Afrika, kuanzia Senegal na kuambaa mashariki hadi kaskazini magharibi mwa Uganda. Mjini Ouidah, nchini Benin, kuna hekalu maarufu ambamo chatu wa aina hii hutunzwa kwa heshima. Mchana hujificha katika mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa. Usiku ndipo hutoka kutafuta riziki.

Msomaji akikumbuka jambo hilo moja, yaani shimo lenye joto na giza, mengine yote yatakuwa rahisi. Mpwa wangu hakuwa ameambiwa. Alimweka mgeni wake katika sanduku kubwa la kioo, katikati ya sebule, chini ya balbu, bila pa kujificha. Kila rafiki aliyekuja nyumbani alipewa nyoka amshike. Muuzaji alikuwa amemwambia tu kwamba chatu hula panya, basi yeye akamtupia panya hai na kwenda kulala. Dada yangu aliapa kwamba alipoamka alimkuta panya amelala usingizi juu ya nyoka.

MASWALI YA DAKTARI

Siku iliyofuata nilimpeleka kijana kwa daktari wa wanyama anayewajua watambaao. Nyoka alisafiri ndani ya mfuko wa foronya, ukiwa kifuani mwa mpwa wangu chini ya koti ili asigandishwe na baridi.

Daktari hakuanza na dawa. Alianza na mizani. Muuzaji alikuwa ameandika kwenye mkebe kwamba nyoka ana gramu 92. Sasa alikuwa na 86. Daktari alitueleza kwamba chatu wa aina hii anajulikana kwa kukataa chakula, na anaweza kukaa majuma kadhaa bila kudhurika maadamu uzito haushuki sana. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, hapo ndipo pa kuingiwa na wasiwasi. Tulikuwa tumeukaribia mpaka lakini hatujauvuka.

Kisha akauliza: sanduku lina joto kiasi gani? Mpwa wangu akanitazama, nami nikamtazama. Hatukujua.

Tuliporudi na kupima, upande wa balbu ulikuwa na nyuzi 26 za Selsiasi. Usiku zilishuka hadi 20, kwa kuwa dada yangu hupunguza joto la nyumba ili bili isipande. Nyoka hawezi kujitengenezea joto mwilini kama sisi. Huliazima kutoka mahali alipo. Akikosa joto, tumbo lake haliwezi kusaga chakula, na chakula kisichosagwa huoza tumboni. Basi kukataa kwake kula hakukuwa kiburi. Mwili wake ulimkataza.

NYUMBA INAYOMFAA

Haya ndiyo tuliyoyafanya jioni hiyo, na ndiyo anayopaswa kuyatayarisha mtu kabla nyoka hajafika nyumbani.

Joto: Upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi 31 hadi 33, na wa pili 25 hadi 27, ili nyoka achague mwenyewe. Tulitumia mkeka wa umeme uliobandikwa chini ya sanduku. Mkeka huo lazima uunganishwe na themostati, kile kifaa kinachokata umeme joto likizidi. Bila hicho, mkeka unaweza kumuunguza nyoka tumbo. Vipimajoto viwe viwili, kimoja kila upande.

Maficho: Yawe mawili, upande wa joto na upande wa baridi. Ukiweka moja, nyoka atalazimika kuchagua kati ya joto na usalama. Yawe finyu, ubavu wa nyoka uguse kuta. Sisi tulikata vijisanduku viwili vya kadibodi na kuvitoboa mlango. Kisha tukafunika pande tatu za kioo kwa karatasi.

Maji na unyevu: Bakuli zito la maji safi lisikosekane. Unyevu wa hewa uwe asilimia 50 hadi 60, na uongezwe kidogo nyoka anapokaribia kujivua gamba. Utajua kwa macho yake, ambayo hugeuka kuwa ya kibuluu kama yenye ukungu. Wakati huo usimshike wala usishangae akikataa kula. Gamba lake halivutwi kwa mkono.

Sakafu: Karatasi za jikoni zatosha kwa anayeanza, kwani uchafu na wadudu huonekana upesi. Makapi ya mbao za mierezi na misonobari yaepukwe, harufu yake humdhuru.

Mfuniko: Uwe na komeo. Chatu mchanga hupenya mahali ambapo huwezi kudhani.

AMRI ILIYO NGUMU KULIKO ZOTE

Amri ya mwisho ya daktari ndiyo iliyomwumiza kijana: asimguse nyoka kwa siku saba. Abadilishe maji tu, kisha aondoke. Marafiki wasije kumtazama.

“Lakini Mjomba, atanisahau,” akalalamika.

Nilimpeleka kwa mamake ajibiwe. Sisi kwetu ni Nyakach. Mwaka 2003 chatu mmoja jike alipotokea huko na kuyaatamia mayai yake kichakani, watu walimiminika kutoka kila upande kumtazama. Wengi walimwita Omieri, jina la chatu wa masimulizi ya wazee wetu, wakaamini kwamba ujio wake ni dalili ya mvua na mavuno mema. Dada yangu na mimi tulipelekwa na nyanya. Nilikumbuka umati tu. Yeye alikumbuka zaidi.

“Nyanya alitushika mikono,” akamwambia mwanawe. “Alisema chatu haguswi, hatupiwi kitu, hapigiwi kelele. Unamwangalia kwa mbali, kisha unamwacha na shughuli zake.”

Kijana akanyamaza. Daktari wa Marekani na nyanya wa Nyakach, waliotenganishwa na bahari, walikuwa wamesema neno lile lile. Nami nikautumia wasaa huo kumwombea chatu wiki moja zaidi, na mama akakubali shingo upande.

JINSI YA KUMLISHA

Nyoka mchanga hulishwa kila baada ya siku tano hadi saba. Panya asizidi unene wa sehemu nene ya mwili wa nyoka, au awe na uzito wa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake. Kwa gramu zetu 86, tulihitaji kipanya cha gramu 9 hadi 13.

Panya hai aepukwe. Ana meno, na nyoka aliyejikunja kwa hofu anaweza kutafunwa vibaya. Huko Marekani na Ulaya panya huuzwa wakiwa wamekufa na kugandishwa. Huyeyushwa ndani ya jokofu, kisha hutiwa kwenye mfuko wa plastiki na kuzamishwa katika maji ya moto yasiyochemka hadi apate joto la mnyama aliye hai. Asiingizwe kwenye tanuri ya mawimbi kamwe, kwani huiva ndani na kupasuka.

Usiku wa siku ya nane tulizima taa za chumbani. Kijana alimshika panya kwa koleo ndefu, akamsogeza polepole kwenye mlango wa kijisanduku. Ulimi ukatoka, ukarudi. Kichwa kikatokeza, kikajirudisha. Dakika kumi zikapita, panya akapoa. Tukampasha joto tena, tukamkausha na kurudi.

Safari hii hakukuwa na kusitasita. Nyoka alimrukia, akajizungusha kumkaza, akatulia. Aliyepiga ukelele mlangoni, “Amekula!” hakuwa mpwa wangu bali mamake. Tulimziba mdomo. Baada ya mlo nyoka hapaswi kusumbuliwa wala kushikwa kwa saa 48, asije akakitapika chakula.

USAFI NA DALILI ZA UGONJWA

Watambaao wengi hubeba viini vya salmonela bila wao kuugua. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, vyombo vyake visioshewe kwenye sinki la jikoni, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike.

Mpeleke kwa daktari upesi ukimsikia akikoroma anapopumua, ukiona povu mdomoni, akikaa kinywa wazi, au ukiona vidudu vyeusi mfano wa punje za pilipili manga vikitembea kati ya magamba yake.

Fauka ya hayo, fahamu kwamba huu si mchezo wa msimu mmoja. Akitunzwa vyema huishi miaka 20 hadi 30. Katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, mmoja aliyekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60 alitaga mayai mwaka 2020. Kijana wa miaka 14 anayenunua chatu leo huenda akaja kumtambulisha kwa mkewe.

NA HAPA NYUMBANI?

Mwanafunzi wa Nairobi au Mombasa asidhani makala haya yanamtuma kichakani. Chatu huyu mdogo hapatikani katika mapori ya Kenya. Chatu wa kwetu hupita mita nne. Isitoshe, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kumfuga mnyama wa porini bila kibali ni kosa. Ukimkuta nyoka nyumbani, kaa mbali naye uwaite maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Anayetaka kujifunza ana Bustani ya Nyoka katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, na kule Watamu kuna shamba la nyoka la Bio-Ken.

Mwezi uliopita dada yangu alinipigia simu usiku. Nilishtuka, nikidhani kuna msiba. La! Alitaka nijue kwamba chatu amejivua gamba zima bila kukatika, kuanzia pua hadi mkia, na sasa ana gramu 240.

“Nani amempima?” nikamwuliza.

“Mwanangu alikuwa shuleni,” akanijibu. “Kwani mimi sina mikono?”